Maua ya Kahawa kwenye Kaburi Lako

Mama Neema,

Jumamosi tumekuwekea msalaba, na maua niliyapanga mimi. Usicheke. Miaka yote wewe ndiye uliyepanga maua ya madhabahuni. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kutoa maelezo ambayo hukuyaomba.

Neema alikuja kutoka Tunduma na mashada ya plastiki. "Baba, haya hayanyauki," akasema. Nikamwonyesha ile picha ya kalenda uliyoibandika jikoni, mchoro wa kale wa Ulaya: chombo kimejaa maua, nyuma giza, mwanga unaingia upande mmoja. Nikamweleza, maana unanijua, kwamba mchoraji hakuyapata maua yale yote siku moja. Alingoja kila ua lichanue kwa msimu wake, akalichora, akangoja jingine. Tena mezani akachora petali zilizodondoka, makusudi, ili atazamaye akumbuke kwamba uzuri hupita.

Nilitumia chungu chako cha maharage, nikakiweka mezani kando ya kaburi. Nyuma yake nikaegemeza ubao wangu wa zamani wa kufundishia, uwe lile giza. Mawaridi, mayungiyungi, na alizeti mbili nilizoziweka chini zisilemee, kama ulivyozoea. Lakini katikati palibaki wazi. Picha ina maua meupe madogo madogo, na meupe tuliyokuwa nayo ni ya kahawa tu, iliyochanua juzi baada ya mvua.

Nikaingia shambani na mkasi. Nikashika tawi. Nikakusikia kabisa: "Ukikata tawi lenye ua, umekata ada ya mtoto." Mke wangu, nikaurudisha mkasi mfukoni.

Sikukata. Niliinama nikaokota yaliyoanguka, nikayatandaza mezani kuzunguka chungu. Pengo la katikati nikaliacha.

Neema akanung'unika, "Watu watasema tumemletea mama takataka."

Dada yako akamkatiza: "Wewe nyamaza. Mama yako angeokota kabla ya baba yako."

Wakati wa sala upepo ukavuma, ile harufu tamu ikatufikia sote. Neema akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Mashada yake hakuyatoa kwenye mfuko.

Pumzika, mke wangu. Mvua zikikolea nitapanda mayungiyungi miguuni pako. Kwa umri wangu sijui kama nitayaona yakichanua. Nitayapanda.

Baba Neema