Chuo Kikubwa Kimenikubali, Lakini Bado Nashuku

Ipuli, Jumanne

Hapana, bado siamini. Vyuo viwili vya hapa nchini vimenikataa, halafu kile kikubwa cha Uingereza, ambacho hata mwalimu wangu alicheka nilipotuma maombi, kinasema njoo, tutakusomesha bure. Mimi nina nini?

Tangu wiki iliyopita Baba anasema, "Hao ni matapeli, mwanangu. Usiwajibu."

Leo wamepiga simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Nikamwambia bila aibu, "Kama kweli unatoka chuoni, nisomee nilichoandika kwenye maombi yangu."

Akacheka, akasoma habari za mizinga ya babu kule kijijini kwake Ipole, na siku nyuki walipohama wote. Ni maneno yangu, na sikuwahi kumwonyesha mtu yeyote hapa.

Lakini mbona hawa wa karibu wamenikataa? Nani kati yao amekosea?

Nilipomweleza Baba, alivaa kandambili akatoka. Baadaye nikamsikia kwa jirani, anajifanya analalamika kwa sauti kubwa: "Sasa huyu binti yangu, baridi ya Uingereza ataiweza kweli?"