Droni Inayopisha Hupanda

Magamba, Lushoto
11 Februari 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Habari za Dar es Salaam? Mama mdogo na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila baridi imezidi na sare hazikauki.

Zile droni nne ulizotuletea shuleni zimekubali. Unakumbuka zilivyokuwa zikigongana kila zinapopishana? Dawa yake nimeipata kwa akina mama wanaopeleka kabichi sokoni. Kwenye njia yetu nyembamba, asiye na mzigo hupanda kwenye kingo ili mwenye mzigo apite. Hakuna anayepisha kwa kushuka bondeni. Basi nimeiandikia kompyuta hivyo hivyo: droni yenye chaji kidogo ndiyo yenye mzigo, inanyoosha, yenye chaji nyingi inapanda juu. Ikishuka, upepo wa mwenzake unaiangusha. Tumezirusha mara thelathini, hazikugusana hata mara moja. Rafiki yangu Dorkasi alisema, "Wee Shamsa, hizi zina adabu kuliko kidato cha kwanza!"

Nakutumia daftari lenye programu yote. Nataka kuipeleka kwenye mashindano ya sayansi ya shule za sekondari mwezi Mei. Mshindi atasomeshwa hadi chuo kikuu. Naomba unikosoe.

Mwanao,
Shamsa


Dar es Salaam
2 Machi 2024

Mwanangu Shamsa,

Marahaba. Hatujambo, joto tu ndilo linatumaliza. Daftari nimelipata. Umejitahidi, lakini bado ni kazi ya kitoto. Droni nne si arobaini, mama. Niachie niitazame. Usiwaonyeshe watu kwanza, watakucheka.

Msalimie baba yako, Kaka Athumani.

Baba yako mdogo,
Zuberi


Magamba, Lushoto
19 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, na kwamba barua zangu mbili za Aprili zilikufikia.

Jumamosi iliyopita Mwalimu Beatha alituwashia televisheni bwaloni. Nikaona droni zako arobaini juu ya uwanja zikichora twiga, kisha zikatawanyika na kupishana. Zile zilizopisha zilipanda. Zote. Wenzangu walipiga makofi, nami nikapiga. Mtangazaji akakuuliza ujuzi ule umeutoa wapi, ukasema, "Niliwatazama akina mama wa kwetu wakipishana njiani." Nikasubiri uendelee.

Jumatano majaji wa mashindano wakanirudishia kazi yangu niliyoiandika upya. Wanasema nimenakili yako. Wamenipa mpaka tarehe thelathini nilete uthibitisho. Barua yako moja inatosha, hata mistari miwili. Au nirudishie daftari, lina tarehe zote.

Mwanao,
Shamsa


Dar es Salaam
4 Juni 2024

Shamsa,

Marahaba. Nilikuwa safarini. Mambo ya ofisi huyaelewi. Mkataba una jina langu, siwezi kuandika kwamba kazi ni ya mtoto wa shule. Ukoo ni mmoja, nikipata mimi mmepata wote. Daftari halionekani tangu tuhame ofisi.

Nasikia umewaambia walimu wako kwamba mimi mwizi. Nimempigia Kaka simu. Utaniomba radhi.

Baba yako mdogo,
Zuberi


Nyumbani, Magamba
12 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini mu wazima nyote. Mimi niko likizo.

Baba amesimama mlangoni akingoja nimalize. Amesema, "Zuberi ni ndugu yangu wa tumbo moja, sitaki aibu." Nilitaka kukupigia, akakataa, radhi anataka iandikwe. Yeye hasomi vizuri, kwa hiyo nitamsomea.

Naomba radhi kwa kukuita mwizi mbele ya walimu wangu.

Hapo ndipo nitakapoishia kumsomea. Yanayofuata ni yako peke yako.

Kazi ile ni yangu. Nafasi ya masomo amepewa Tobia, kijana wa Bungu, na kazi yake ni nzuri. Mwalimu Beatha amesema mwakani nitajaribu tena. Nimeshaanza nyingine: jinsi droni nyingi zinavyoweza kutua pamoja wakati upepo wa mchana unapanda kutoka Mazinde, kule chini tambarare. Wiki iliyopita zilitua zote nne, salama.

Usiniulize nimefanyaje.

Shamsa Athumani,
Kidato cha Tatu