Mama mkwe wangu anamwonea wivu mdoli wa chuo

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, huwa nasoma matatizo ya wenzangu nikicheka peke yangu kwenye chumba cha kufulia, na leo zamu ya kuchekwa ni yangu, naomba unisaidie kabla wiki haijaisha kwa sababu Ijumaa chuo kinafunga usajili na mimi bado sijui nishike lipi.

Mimi ni dobi wa hoteli, naingia asubuhi natoka mchana, nina watoto wawili wa shule na mume dereva wa lori ambaye nyumbani anapita kama mgeni, na mwaka jana nilijiunga na chuo cha jamii kusomea uhudumu wa wagonjwa, ile kazi ya kumsaidia muuguzi wodini, kuogesha, kulisha, kugeuza, kupima presha, nikachagua kusoma kwa mtandao moja kwa moja kwa sababu nikitoka kazini nguvu ya kwenda tena kukaa darasani sina. Masomo nasikiliza kwenye simu, maswali najibu kwenye simu, na mazoezi ya vitendo unayafanya nyumbani, unatafuta mtu mzima akubali kuwa mgonjwa, unajirekodi video, unamtumia mwalimu, anakupa alama.

Hapo kwenye kutafuta mgonjwa ndipo habari yangu inapoanzia. Ndani ya nyumba tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa msimamizi wa jiko la shule ya bweni, mtu aliyezoea kwamba akikohoa tu watu wanakimbilia masufuria, na kwa miaka yote tuliyokaa pamoja mimi na yeye tulikuwa watu wa habari za asubuhi na za jioni, basi, hapana ugomvi lakini hapana stori, na nilipoanza kusoma aliniangalia akasema, “Chuo gani hicho mwanafunzi anasoma huku anamenya vitunguu?” nikaendelea kumenya. Siku ya zoezi la kwanza nilimwomba jirani aje alale nimfunge bendeji, jirani akaanza visingizio, na mama mkwe kutoka mlango wa jikoni akauliza, “Kwani mimi nina kasoro gani mpaka unaita watu wa nje?”

Mshauri, alienda akaoga, akapaka mafuta, akavaa gauni la kulalia ambalo sijawahi kuliona tangu niolewe, nikamwambia mama wewe ni mgonjwa, akasema mgonjwa asiyependeza anahudumiwa ovyo, akapanda kitandani akauliza, “Niugue kidogo au niugue sana?” na tangu siku hiyo ndiye mgonjwa wangu wa kila zoezi. Masomo anayasikiliza pamoja na mimi, anakaa pale na miwani yake, na nikikosea anasimamisha video, “Rudia. Hujaniambia unataka kunifanya nini kabla ya kunishika. Mwalimu alisema nini?” na nikimbadilishia shuka anainua kiuno mwenyewe lipite, nikimwambia mama tunageuka tayari ameshageuka, sijawahi kupata alama mbaya kwenye vitendo hata mara moja. Na nikiwa namwogesha miguu anaongea, ananipa habari za ujana wake, za marehemu mumewe, siku moja akaniita mwanangu, mshauri, mwanangu, nikajifanya naangalia beseni.

Kwa hiyo nina furaha, sitaki uone kama ninalalamika, nyumba yangu haijawahi kuwa tamu kama sasa. Tatizo ni kwamba mwalimu wangu aliniandikia chini ya video ya mwisho, “Vizuri sana, ila muhula ujao nakushauri uje kwenye mseto,” hakuongeza neno. Mseto maana yake nadharia unaendelea nayo kwa simu kama kawaida, lakini vitendo unakwenda chuoni siku mbili kwa wiki, kuna chumba chenye vitanda vya hospitali na kuna mdoli mkubwa wa kujifunzia, na mwenzangu mmoja wa darasani, mlinzi wa benki, ambaye yuko kwenye mseto tangu mwanzo, aliniambia, “Ule mdoli ni mzito kama jiwe, dada, siku ya kwanza nilihema kama nimefukuza mwizi.” Kazini msimamizi wangu amesema akijua mapema atanibadilishia zamu siku hizo mbili, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kazi.

Nikamwambia mama mkwe. Akauliza ni nani atakuwa mgonjwa huko, nikasema mdoli, akasema, “Mdoli atakuambia maji ni ya moto?” nikacheka, yeye hakucheka. Akalikunja lile gauni akaliweka kwenye sanduku, na sasa tumerudi kwenye habari za asubuhi. Nimempigia mume wangu, anasema, “Mimi niko barabarani, msinitie kati. Ila mama akinuna, nyumba nzima inanuna.” Mama mwenyewe anasema mwalimu ameona wivu tu kwa sababu tunafanya vizuri, na mimi nusu naamini, nusu sijui, maana wiki iliyopita tulipokwenda kumwona mzee jirani yetu aliyepooza upande mmoja, mkewe aliniomba nimgeuze kwa kuwa mimi nasoma mambo hayo, nikamshika vizuri kama nilivyozoea, nikamwambia haya mzee, tunageuka, hakugeuka, nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti, wapi, mwisho mkewe akamwita kijana wake wakamgeuza, na njiani mama mkwe akaniambia nisijali, yule mzee hana ushirikiano.

Sasa mshauri, nibaki kwenye mtandao nilipozoea, alama zangu nzuri na amani ya nyumba, au niende kwenye huo mseto nimkosee mtu aliyenipa mwili wake wote nisome? Nijibu hata kwa ukali, nitavumilia.

Ni mimi, Dobi wa Zamu ya Asubuhi.

*

Dada yangu Dobi,

Umeruhusu ukali, kwa hiyo nianze nao. Umetumia karibu barua nzima kunieleza kununa kwa mama mkwe, na yule mzee aliyepooza umempa sentensi moja kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Mimi barua yako nimeisoma kinyume. Mzee ndiye habari. Mama mkwe tutamfikia.

Hebu rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Unabadilisha shuka, mgonjwa anainua kiuno. Unasema tunageuka, mgonjwa ameshageuka. Kisha ukakutana na mtu ambaye nusu ya mwili wake haimsikii hata yeye, ukamwambia ageuke, na alipobaki pale ukapandisha sauti. Mzee alikusikia mara ya kwanza, dada. Hakuwa na nguvu za kugeuka. Na nyinyi wawili mkaondoka pale mkimsema kwamba hana ushirikiano! Nilicheka, nakiri, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu wodini watakuwepo wengi kama yeye, na watakuwa wanakutegemea wewe.

Sikutaka kukujibu kwa kukisia. Nilimpigia simu mwalimu wa vitendo wa chuo kingine, mwanamama aliyefanya kazi ya uuguzi kabla ya kufundisha, nikamsomea kipande cha barua yako bila kumwambia kinatoka wapi. Hakungoja nimalize. “Huyo ana mgonjwa mzima,” akasema. “Tunawaona kila muhula. Mume anamsaidia mke, mama anamsaidia mtoto, video inapendeza, mwanafunzi hajawahi kubeba uzito wa mtu.” Nikamuuliza hatari iko wapi. Akasema, “Ya kwanza atamwangusha mtu. Ya pili atavunja mgongo wake mwenyewe. Zote mbili nimeziona.”

Kwa hiyo mwalimu wako hana wivu. Kosa lake ni kuandika sentensi fupi mahali palipohitaji ndefu, na ungemuuliza tu angekujibu. Muulize hata leo. Mwanafunzi wa mtandaoni anaruhusiwa kuuliza kwa nini, tena ndiye anayepaswa kuuliza kuliko wote, kwa sababu mwalimu haoni uso wake anapochanganyikiwa.

Usinielewe vibaya kuhusu mtandao. Kwa mtu anayetoka kwenye pasi na mashine za kufulia mchana, ana watoto, ana mume aliye njiani, masomo ya simu ndiyo yaliyokufikisha hapa. Mwalimu yule niliyempigia aliniambia wanafunzi wake wa mtandaoni wengi wanaiweza nadharia kuliko wanaokuja darasani kusinzia. Majina ya dawa, usafi, dalili za presha, jinsi ya kuandika taarifa ya mgonjwa, yote hayo yanaingia kichwani ukiwa na kitunguu mkononi, mama mkwe asikutishe. Uzito wa binadamu hauingii kwa njia hiyo. Huo unaingia kwa mgongo na magoti, na mtu wa kukusimamia karibu akuambie shusha kiuno, sogeza mguu, usivute kwa mikono. Mseto umetengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe hasa: unabaki na simu yako kwa yanayowezekana kwa simu, unakwenda chuoni kwa yasiyowezekana. Na kile ulichojifunza nyumbani hakipotei. Umejifunza kumwambia mgonjwa unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Kuna wahudumu waliozeeka wodini hawajawahi kujifunza hilo, na aliyekufundisha wewe ni msimamizi wa jiko.

Basi jisajili kwenye mseto. Fanya hivyo Jumatano au Alhamisi, maana siku ya mwisho kila aliyekuwa anasitasita anaingia kwenye tovuti ya chuo kwa pamoja na inagoma. Kabla ya hapo mfuate msimamizi wako wa kufulia, mpe siku mbili unazozihitaji, na umwombe azithibitishe, ili muhula ukianza asikuambie alisahau.

Sasa mama mkwe.

Usimtume mumeo. Ameshasema yuko barabarani, mwache aendeshe. Kaa na mama mwenyewe mchana, watoto wakiwa shule, ufungue video yenu ya kugeuza mgonjwa, ile yenye alama nzuri kabisa. Mwambie asitazame mikono yako, atazame kisigino chake. Kabla mkono wako haujamfika begani, kisigino kitakuwa kinasukuma godoro. Usiseme kitu. Mtu aliyefundisha wapishi anajua maana ya mwanafunzi aliyezoeshwa sufuria ndogo halafu akapelekwa kwenye chakula cha shule nzima. Ataona mwenyewe, na nadhani atajilaumu kidogo. Hapo umwahi. Mwambie hakukuharibia, alikupenda mno, mwili wake ukashindwa kutulia unapohangaika.

Kisha mpe kazi mpya, maana kustaafu mara mbili kwa mtu kama yeye ni adhabu. Yale utakayofundishwa chuoni utahitaji kuyarudia nyumbani, na safari hii mgonjwa anatakiwa alegee. Asiinue kiuno, asisukume, asishike ukingo wa kitanda, mkono ukianguka uanguke. Nakuhakikishia litakuwa zoezi gumu kuliko yote aliyokusaidia. Ila usianze hilo mpaka chuo kikuonyeshe namna ya kulinda mgongo wako na wake. Yule mwalimu niliyempigia aliongeza kwamba chuoni kwake wanawapokea watu wazima wanaojitolea kulala kama wagonjwa, kwa sababu wanafunzi wakishikana wenyewe kwa wenyewe wanachekacheka. Sijui kama chuo chako kina utaratibu huo. Uliza kwanza, usimwahidi mama kitu ambacho hujakihakikisha, maana gauni litatoka sandukuni siku hiyohiyo na hutaweza kulirudisha.

Neno la mwisho, na hili silisemi kwa ukali. Unaniambia anamwonea wivu mdoli. Sidhani. Huyu mama ameishi kwenye nyumba yako miaka mingi bila mtu kumgusa wala kumuuliza habari za marehemu mumewe, mpaka chuo kilipokupa zoezi. Anajua kabisa kwamba lile beseni lililetwa na mwalimu, na anahesabu kwamba mazoezi yakihamia chuoni, beseni nalo litaondoka. Wewe mwenyewe pia ulijificha nyuma ya zoezi, ndiyo maana aliposema mwanangu uliangalia maji.

Kwa hiyo jioni moja wiki hii, kabla au baada ya kujisajili, chemsha maji, chukua beseni, umwoshe miguu. Simu iache chumbani. Atakuuliza hilo ni zoezi la somo gani. Mwambie si la somo lolote, kisha umuulize maji yakoje.