Majibu ya Swali la Tisa

Njoro, 6 Machi 2024

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho yanauma kwa kompyuta. Goti lako je, limepoa? Simu yako haishiki mtandao, kwa hivyo nampa Gedion wa lori la viazi barua hii.

Tasnifu imenichosha, Mama. Mwaka wa tatu huu, na chuo kimeniongezea muda hadi Desemba tu. Nikishindwa, jina langu linafutwa. Jana msimamizi wangu, Daktari Wanyonyi, alizisoma zile fomu sitini walizonijazia wakulima wa kijiji chetu mwezi uliopita. Swali la tisa linauliza wanatoa wapi mbegu za viazi, na kama viazi vyao vimepatwa na ugonjwa wa mnyauko. Wote wamejibu neno kwa neno: "Napanda mbegu safi zilizoidhinishwa, na mnyauko sijauona." Hata Mzee Gathogo, ambaye sidhani amewahi kutamka "zilizoidhinishwa" tangu azaliwe! Daktari alicheka, kisha akanirudishia fomu zote. Je, unajua lolote?

Binti yako,
Sue

Mau Narok, 15 Machi 2024

Mwanangu Sue,

Hujambo, mami? Huku baridi ni ile ile, na goti ni la mzee, halina habari mpya.

Najua, ndiyo. Si uliniachia karatasi moja ya maswali kabla ya kuwagawia watu fomu? Niliwaita watu baada ya ibada, nikawafundisha majibu. Jebet jirani yetu alinisumbua kidogo lakini mwishowe akashika. Miaka thelathini na moja nimefundisha, na sikuacha mtoto wa mtu aingie mtihani mikono mitupu. Ningemwacha wangu? Mwambie huyo Daktari atoe alama tu.

Mama yako,
Mwalimu Nyakio

Njoro, 24 Machi 2024

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili tu.

Utafiti si mtihani. Nilitaka kujua kwa nini viazi vinakufa, nawe ukanipa watu sitini ambao viazi vyao havifi. Tangu nianze nimepewa mashauri mengi: andika ukurasa mmoja kila siku, hifadhi kazi mahali pawili, jaribu maswali kwa watu watano kabla ya kuwaendea sitini. Hakuna aliyenishauri nimfiche mama yangu karatasi.

Mitchelle, tunayekaa naye, ananiambia niwasilishe hivyo hivyo, nani atajua? Nimechoka kiasi kwamba nimeanza kumsikiliza. Nina hasira nawe, Mama, na naona aibu kuwa nayo.

Sue

Njoro, 20 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Hujajibu miezi miwili sasa. Gedion anasema amekuona barabarani ukitembea, nikashukuru Mungu.

Nilimwambia Daktari ukweli. Hakunifokea. Alisema, "Weka fomu hizo kando, uanze upya, na uandike kwenye tasnifu kwamba ulianza upya." Nitakuja Julai. Muda ni mfupi, sijui kama nitamaliza. Tafadhali usimfundishe mtu yeyote.

Binti yako,
Sue

Mau Narok, 9 Juni 2024

Mwanangu Sue,

Marahaba, mami. Barua zako zote zilifika, nimezisoma tena na tena.

Wiki hii nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu kwamba mwalimu alikosea. Mzee Gathogo alinipa chai, akaniambia, "Mwalimu, kumbe hata wewe!" Jebet alicheka mpaka akakaa chini. Lakini watakujibu ukweli.

Fomu ya kwanza ijaze yangu. Mbegu: vile viazi vidogo vinavyobaki kwenye lundo langu. Mnyauko: ndiyo, misimu mitatu, tangu tumzike baba yako. Ulipokuja Februari nilikwambia shamba la chini nimelipumzisha. Sikulipumzisha, mami, lilikufa.

Kama mmoja tu angekutajia mnyauko, ungetembea mpaka shambani kwetu ukaona, na ungeacha masomo urudi kunisaidia kulima. Nakujua. Hayo ya mtihani niliyokuandikia ni maneno tu. Niliwafundisha watu sitini uongo ili usijue.

Julai njoo na fomu. Usije na virago.

Mama yako