Nkambo Hakuridhika

Kapata, Jumapili

Mjomba Stanislas,

Mahindi yetu yamechanua, na mdogo wangu Tina ameng'oka jino. Nimesoma ripoti yako ya utafiti wa matibabu kwa simu. Umeandika kwamba wazee wote wa Kapata wameridhika. Si kweli.

Daktari alipomuuliza Nkambo, bibi yetu, anaumwa wapi, simu ilikuwa mkononi mwa Baba, ambaye alikuwa anatazama ukuta kwa aibu. Wewe ni Mluba, Mjomba. Mama mkwe atalitajaje titi lake mbele ya mkwe wake? Mama yako alijifunika kitenge akajibu, "Niko muzuri, tata. Mufunge ile kintu." Mkaandika kwamba ameridhika.

Sasa uvimbe wa titi umekuwa kama yai. Tulipokwenda kituoni, muuguzi alitufukuza: "Muanze na simu! Njo vile Tata Stanislas alisema."

Nimefundishwa nisimkasirikie mkubwa, lakini nimekukasirikia, na neno hilo silifuti. Mpigie muuguzi. Mwambie Jumatano ampokee Nkambo peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Nkambo ameshafua kitenge chake cha kutokea. Anasema mwanawe atapiga.

Mpwa wako, anayetaka kuendelea kukuheshimu,
Ntumba