Sifuri kwa Daktari Namba Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Kazi mpya. Navaa hedifoni, nasikiliza rekodi za madaktari wakizungumza na wagonjwa wao, natoa maksi. Alimwacha mgonjwa amalize? Aliuliza anahofia nini? Majina yamefichwa, kuna namba tu. Ukimtambua mtu, useme, apewe mpimaji mwingine. Namba Tatu alipokohoa tu nikamjua – Baba Pacha! Mume wangu wa ndoa! Nikanyamaza. Nataka kusikia.

Jumatano, 6 Machi
Namba Tatu na bibi mwenye goti bovu. Bibi kazunguka weee, mpaka habari za mbuzi wake. Na yeye: enhe, mama, ikawaje? Enhe! Mimi nikifungua mdomo naambiwa fupisha, nimechoka. Kisha akamuuliza usingizi anaupata. Akamngoja. Bibi akalia, na mimi nikalia. Wivu! Ndiyo, namwonea wivu bibi wa goti!
Nimempa sifuri kwenye kusikiliza. Roho ikatulia kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani, mwenzangu anayepima rekodi zilezile, kampa Namba Tatu maksi zote. Eti huyu ndiye atachaguliwa kufundisha wenzake, na mkewe kapata bahati. Nusura nimmwagie chai.
Jioni nimemwambia Baba Pacha tena kuhusu kivimbe changu cha shingoni. Mm, kitaisha. Macho kwenye simu. Mganga hajigangi, sawa – hata mkewe?

Jumatatu, 11 Machi
Bosi kaniita. Maksi zangu na za Miwani ni mbingu na ardhi. Kesho tusikilize pamoja, nitetee sifuri zangu. Nitasema nini? Nikisema kweli, kazi sina. Nikikomaa, Baba Pacha nafasi hapati, na jana alikuwa akiimba bafuni, keshajiita mwalimu. Nampenda, mshenzi yule.

Jumanne, 12 Machi
Sikwenda kazini. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha Baba Pacha hospitalini, na kadi yangu kama wagonjwa wengine. Mtandio mpaka kwenye nyusi, nesi hajanijua. Kivimbe kinauma nikimeza. Mama aliyenitangulia ametoka anatabasamu. Atabasamu tu, kasikilizwa!
Wameita namba ya kadi yangu. Mlango wazi. Anaandika, kainama. Karibu mama, anasema, pole kwa kusubiri, kaa unieleze taratibu, sina haraka.
Sauti ileile ya kwenye hedifoni. Bado hajainua macho.