Mtoto wa Chumba cha Mbele

Jumanne, 4 Machi

Kazi mpya. Mlinzi wa getini aliniuliza mimi nani. Dula, nikasema. Akasikia duka; hajui kwamba dula ni mwenzi wa mama anayejifungua. "Hapa hawanunui kitu, mama." Nilicheka mpaka ndani. Huko ndani kicheko kikaisha.

Aliyeniita ni mwanamke wa makamo, mpole, mikono yake haitulii. Alianza kunionyesha chumba cha mtoto. Kiko mbele, ukuta mmoja na chumba chake. Kitanda kidogo, chandarua, vinguo vimekunjwa kama vya kuuza. Nikamtazama tumbo — bapa! Akaliona jicho langu. "Si mimi," akasema. "Ni mdogo wangu. Lakini mtoto ni wangu."

Mdogo mtu amewekwa chumba cha nyuma, yeye na cherehani na maboksi. Mimba ya miezi minane na ushee. Wanamwita Kitinda, maana ndiye kitindamimba kwao. Kijana aliyempa mimba aliikana, akabadilisha namba ya simu. Ukoo ukakaa kikao. Dada hajajaliwa mtoto, mdogo bado yuko chuoni — watu wakaona Mungu kajibu maombi mawili kwa mpigo. Mtoto atakuwa wa dada. Kitinda atarudi masomoni kama mtu aliyetoka kuugua malaria.

Nikamwuliza: na wewe unasemaje?

"Tulishakubaliana, anti."

Tuli. Hakusema nili.

Ijumaa, 7 Machi

Zoezi la kupumua. Nimemtandikia Kitinda mkeka, mara dada naye akatandika wa kwake pembeni, akalala. Na anapumua vizuri kuliko mdogo wake! Macho amefumba, kiganja juu ya tumbo lile bapa. Mimi nikaendelea tu: vuta, shusha, vuta. Kugeuka, namwona machozi yanamtiririka hadi masikioni. Kitinda akanyoosha mkono akamshika.

Sasa hapo nimchukie nani?

Mume wa dada alipita mlangoni, akakohoa, akaenda zake. Shemeji huyu — kukohoa ndio mchango wake wote.

Jumatano, 12 Machi

Mama yao amekuja kukaa mpaka mtoto azaliwe. Nikamwuliza, kwa adabu zangu zote, je, Kitinda akitaka kumnyonyesha walau siku za mwanzo? Akanipa methali: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. "Na mlezi tumeshampata."

Nilitaka kumwambia hata hiyo mimba hakuilea huyo mlezi. Lakini mtu mzima akishatoa methali, ukijibu wewe ndiye mkosa adabu. Akamalizia kwamba nimeletwa kushika mkono, basi nishike mkono. Ndiyo, kazi yangu ndiyo hiyo. Sipimi, sichomi sindano, sizalishi. Nakaa na mzazi asiwe peke yake. Ila leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa kazi yangu kama natukanwa.

Jioni Kitinda kaniuliza kama mtoto husikia akiwa bado tumboni. Husikia, nikasema.

"Basi sauti yangu anaijua."

Nikajifanya natafuta mafuta ya kumkanda mgongo.

Alhamisi, 20 Machi

Bado. Miguu imemvimba. Dada kamkanda mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, wakawa wanakumbushana jinsi walivyokuwa wakiiba sukari utotoni, wanacheka hadi wanagongana vichwa. Mtu angewasikia kutoka jikoni angesema nyumba hii imebarikiwa.

Jumamosi, 22 Machi

Amejifungua. Msichana.

Muuguzi wa zamu hospitalini alitaka kunitoa. Wewe ni muuguzi mwenzetu? Hapana. Ni ndugu yake? Hapana. Sasa hapa ni nani? Kabla sijajibu Kitinda akasema, meno yameumana: "Ni wangu." Nikabaki.

Alining'inia shingoni. Nilimsugua kiuno mpaka viganja vikafa ganzi. Ulipofika ule uchungu wenyewe akaanza kulia hawezi, hawezi, anataka kwenda nyumbani. Nikamwambia nisikilize mimi tu, wengine waache. Akanisikiliza. Shusha mabega — akashusha. Usisukume bado — akajizuia, anatetemeka mwili mzima. Haya, sasa! Nimeshawasaidia wengi, lakini sijapata kuaminiwa hivi na mtu.

Mkunga akamweka mtoto kifuani pake, kama wawekwavyo wote. Mtoto akanyamaza. Kitinda akamtazama, akamtazama, akasema, "Kumbe." Basi. Kumbe.

Ndipo wakaingia. Dada akasimama miguuni pa kitanda, mikono mbele, haijui ishike nini. Mama yao akanijia sikioni: mwambie amtoe sasa hivi, asije akamzoea. Wewe anakusikia.

Nikasema. Yarabi, nilisema! Kwa sauti ileile ya shusha mabega. "Mpe dada, mama, upumzike kidogo."

Akafungua mikono. Mimi hakunitazama.

Mtoto mmoja. Nimemtoa mara mbili.

Jumapili, 23 Machi

Dada kapiga simu. Bila mimi wasingeweza. Atanisifia kwa rafiki zake wote. Nikasema asante.

Jumanne, 25 Machi

Wako nyumbani. Nimeitwa — kuna "tatizo dogo".

Maziwa yameingia. Kifua cha Kitinda kimekuwa mawe, ana homa kidogo. Mama yao anataka nimwonyeshe namna ya kujifunga kitambaa yakauke. Chumba cha mbele mtoto analia, na kila akilia, kule nyuma gauni la Kitinda linalowa. Mwili haukuhudhuria kikao cha ukoo.

Chupa mtoto anaitema. Dada hajapata usingizi, nywele zimesimama, kanga ina harufu ya maziwa ya kopo. Akanivuta pembeni. "Kwa nini hanitaki?" Mimi ndiye wa kuulizwa! Nikamwambia watoto huchelewa kuzoea. Ni kweli. Mama pia, sikusema.

Nikaingia kwa Kitinda na kile kitambaa. Akakitazama.

"Uliniambia nipumzike kidogo, anti. Nimeshapumzika."

Nikakikunja nikakitia mkobani.

Jumatano, 26 Machi

Juzi kajifungua, leo kajifungia.

Dada alikwenda kuoga. Kurudi, kitanda cha mtoto kitupu, na mlango wa chumba cha nyuma umefungwa kwa ufunguo. Nilipofika mtoto alikuwa bado analia huko ndani, mara kilio kikakatika. Nyumba nzima tulijua kimekatishwa na nini.

Mama yao kabisha hodi kwa ukali, kisha kwa upole, kisha kwa Mungu. Methali zimemwishia. Shemeji kaleta bisibisi, kasimama nayo tu. Amekohoa. Dada amekaa sakafuni, shavu kwenye mlango. "Kitinda, nilikubeba mgongoni mimi. Nepi zako nilifua mimi. Nifungulie, mdogo wangu." Halafu sauti kutoka ndani, imekauka:

"Nina kiu. Anti aniletee maji. Yeye peke yake, nitamfungulia."

Mama yao akageuka kunitazama. Sijawahi kumwona na furaha vile. Akanisukuma hadi jikoni. Nenda na maji, ananong'ona, akifungua tu, sisi tutaingia. Yeye atamshika mikono, dada atambeba mtoto. Hakuna atakayeumia. Nikamtazama dada. Akainamisha macho, lakini akainuka, akajipangusa viganja kwenye kanga.

Nimewaambia naandaa maji. Jagi limeshajaa. Nimekaa nalo hapa mezani, naandika, maana mkono ukiacha kuandika utalishika. Kutoka nilipo naiona korido. Wamebana ukutani, mmoja huku, mmoja huku, mlango katikati. Dada amevua viatu.

"Anti?" Kitinda anaita. "Uko peke yako?"